Baridi Inayotoka Chini

Mimi ni mtu wa Konde, kaskazini ya Pemba, na riziki yangu ni kutembeza wageni katika msitu wa Ngezi. Jioni tunawaonyesha popo wa Pemba wakiondoka kwenda kutafuta matunda, na usiku tunawapeleka kusikiliza bundi. Kwa kazi hiyo nimezoea kulala nje, na kwa miaka kadhaa sasa nalala kwenye bembea. Nasema ile ya kitambaa cha nailoni inayofungwa baina ya miti miwili, mtu akajinyoosha ndani yake. Wengine huiita machela, lakini kwetu machela ni ya kubebea mgonjwa, kwa hiyo humu nitasema bembea.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi wa Agosti 2023 nilichukua vijana wanne kutoka Pemba, nikapanda nao milima ya Usambara tukalale kwenye bembea, na mmoja wao nusura baridi inipokonye. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo vijana wengi wanaotaka kwenda Lushoto, Kilimanjaro, hata Njombe wananiuliza wabebe nini, na kila nikiwajibu kwa mdomo nagundua baadaye kuwa nimesahau nusu.

Dalili ya kwanza niliipata hapa hapa nyumbani, nikaipuuza. Julai ya mwaka huo nililala pwani ya Vumawimbi. Kipupwe kimekolea, kusi inavuma usiku kucha kutoka baharini. Kipimajoto changu kidogo kilisoma nyuzi 22. Kwa kitandani hiyo ni hali ya shuka moja. Lakini saa nane za usiku niliamka mgongo na makalio yamepoa kama niliyelalia sakafu ya saruji, na huku kifua kinatoka jasho chini ya blanketi. Nikasema ni umande. Nikajigeuza ubavu, ubavu nao ukapoa, asubuhi jua likachomoza na mimi nikasahau. Mtu anapopoa upande mmoja tu, na upande wa pili unatoka jasho, kuna neno la kuuliza. Sikuliuliza.

Na hesabu ya mlima si ngumu. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Pemba haina kilima kinachofika hata mita 150, kwa hiyo miili yetu haijawahi kufundishwa jambo hili. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na msitu wa Magamba ulio juu yake unapita mita 2,000. Chukua zile nyuzi 22 za Vumawimbi, panda nazo mita 2,000, utabaki na tisa. Na Julai na Agosti ni miezi ya baridi kule kama ilivyo kwetu. Ikiwa nyuzi 22 zilinitoboa mgongo, tisa zingenifanya nini?

Tulialikwa na wenzetu wa huko wanaotembeza wageni kama sisi, tukae nao wiki moja tuone wanavyotunza njia za kwenye miteremko. Mwenyeji wetu aliniambia kwa simu, "Njooni na nguo za baridi, huku sasa kuna baridi kweli." Nikamjibu tunazo. Nilivuka Unguja, nikazunguka kwenye mitumba ya Darajani siku mbili, nikanunua mifuko mitano ya kulalia, kila mmoja baina ya shilingi 25,000 na 40,000. Nikaongeza masweta, soksi, na kofia za sufu. Maturubai tulikuwa nayo. Kwa jumla zilinitoka zaidi ya shilingi 250,000, na nilirudi Konde kifua mbele.

Katika ile mifuko nilifanya makosa mawili ambayo naomba mwengine asiyarudie. La kwanza ni kibandiko. Mifuko mingi ya kulalia ina kibandiko chenye nambari tatu za nyuzi. Wa kwangu uliandikwa 10, 5, na hasi 8. Nikaishika ile hasi 8, nikawaambia vijana kuwa mifuko hii inahimili hata barafu. Kumbe nambari ya kulalia kwa raha ni ile ya kwanza, kumi. Ya pili ni mpaka wa mtu mzima aliyejikunja asiyetetemeka. Ya tatu ni ya kunusurika tu, na anayenusurika anaweza kuwa ameshaingiwa na baridi mwilini. Tena nambari zote hizo hupimwa mfuko ukiwa juu ya godoro la kutandika chini. Hakuna aliyezipima mtu akiwa ananing'inia hewani.

La pili, mfuko wa mitumba umekaa miezi ukiwa umeshindiliwa ndani ya robota. Pamba yake huenda imekufa, haifuri tena. Sasa mimi sinunui kabla ya kuukung'uta, kuutandaza mezani kwa muuzaji, na kukaa nao dakika kumi tukizungumza. Ukibaki bapa kama chapati, naurudisha, hata uwe na jina la kampuni kubwa namna gani.

Safari ya meli mpaka Tanga, kisha basi kupitia Mombo na Soni, sina la kuieleza, njia inajulikana. Ila melini begi la mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, liliwekwa chini penye maji. Tulipofika Tanga alinijia, akasema, "Ami, mfuko wangu wa kulalia umeloa kidogo upande wa miguuni." Nikamwambia utakauka na joto la mwili wake. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kuyasema.

Usiku wa kwanza tulilala kijijini ndani ya nyumba. Wa pili tukapanda msituni. Mahali penyewe ni mteremko, ardhi imelowa, hakuna pa kutandika hema bila ya kulichimbia. Kwa hali kama hiyo bembea ndiyo malazi yake, na mpaka leo sijabadili mawazo. Tulifunga vizuri: kamba zimelala kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, kitambaa kimelegea kidogo ili mtu aweze kujilaza mshazari na mgongo ukanyooka, maturubai yamepita juu. Wenyeji wetu wawili walikuwa na kibanda cha jiko hatua chache chini yetu. Kipimajoto kilisoma 14 wakati wa magharibi. Ukungu ulishuka ukawa unadondoka majanini kama mvua.

Tulitia udhu kwa maji ya kijito, tukaswali isha, na mara tu baada ya hapo tukavaa soksi juu ya miguu ambayo bado ina maji. Jambo dogo, na kwetu Pemba halina athari yoyote. Kule ule unyevu uliingia katika soksi, soksi zikaingia katika mfuko.

Saa sita nikaamka. Mgongo tena. Safari hii ilikuwa kama kuna mtu amenibandika mawe ya mtoni kutoka mabegani mpaka kwenye mapaja. Nikavaa sweta la pili. Kifua kikapata joto, mgongo haukujua kama nimevaa. Nikavaa koti. Mfuko ukanibana, pamba yake ikasongwa na nguo, nikazidi kupoa. Nikajikunja, magoti yakagusa kitambaa, nayo yakapoa. Kipimajoto kilikuwa kwenye tisa. Nikawa nalala dakika kumi, naamka, naangalia saa, naomba alfajiri.

Saa tisa kasoro nikasikia kamba za bembea ya jirani, ya mtoto wa kaka yangu, zinalia, kwi, kwi, kwi, bila kukoma. Nikadhani anajigeuza. Kumbe ni mtetemeko. Nikamwita, akanijibu kwa ulimi mzito kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikamwambia afungue zipu atoke. Vidole havikumtii. Nilipomtoa akapepesuka, na nilipomuuliza anaionaje hali yake akaniambia yuko sawa, anataka tu kulala. Hapo ndipo nilipoingiwa na khofu ya kweli.

Tulimshusha kwenye kibanda. Mzee mmoja wa wenyeji aliamka, hakuuliza kitu, akachochea moto. Nilitaka kumsogeza kijana karibu kabisa na moto na kumsugua miguu. Mzee akanizuia. Alimvua nguo zote zilizoloa, akamkausha, akamvisha kavu, akamfunika mablanketi mawili kichwa mpaka kiunoni, kifua kwanza, akamkalisha kando ya moto. Akampa chai ya sukari nyingi, kidogo kidogo, baada ya kuhakikisha anaweza kushika kikombe na kumeza. Ilichukua zaidi ya saa moja kabla ya kuanza kuzungumza kama mtu. Baadaye nilisoma kuwa joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu ameshaingia hatarini, na kwamba dalili zake ni hizo hizo nilizoziona: mikono kutotii, ulimi kuwa mzito, kupepesuka, kusema mambo hayana shida. Na akiacha kutetemeka huku bado ni baridi, hali imezidi kuwa mbaya, hapo ni kumkimbiza kwa daktari. Aliyeko na wenzake milimani ayashike haya kwa moyo, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hatakwambia.

Alipolala, mzee aliniuliza bila ya ukali, "Kijana wangu, mlitandika nini chini yenu?"

Nikamwambia hatukutandika, tumo ndani ya mifuko.

Akasema, "Upepo unapita chini yako usiku mzima. Hata kitanda cha kamba mtu hutandika chini kwanza."

Nilikaa pale motoni mpaka alfajiri na neno hilo. Maana nalijua kitanda cha kamba. Bibi yangu alikuwa nacho, nimelala juu yake utoto wangu wote. Chini mkeka, juu ya mkeka mfarishi uliojazwa sufi, ndipo shuka. Kipupwe kikiingia bibi alikuwa akiongeza la chini, la juu analiacha lilivyo. Ilmu hiyo nilikuwa nayo nyumbani tangu sijaanza skuli, na sikuitumia.

Nieleze sababu yake, kwa kuwa ukiielewa huhitaji kukariri vitu. Joto la mtu hutunzwa na hewa iliyotulia, ile iliyonaswa baina ya nyuzi za pamba, sufi au manyoya. Mfarishi mnene una hewa nyingi ndani yake. Ukiulalia, uzito wako unaitoa hewa yote, unabaki kitambaa juu ya kitambaa. Kitandani hilo halikudhuru kwa sababu chini yako kuna godoro, nalo lina hewa yake. Bembeani chini yako hakuna kitu, na upepo unapita ukiondoka na joto lako. Kwa hiyo mfuko wa kulalia, hata wa thamani, hukutia joto upande wa juu tu. Upande wa chini unahitaji kitu ambacho mwili hautakisonga, yaani kitu kinachoning'inia nje ya bembea, chini yake, kikiugusa mgongo bila ya kubanwa.

Siku zilizobaki vijana walilala ndani. Usiku wa tano nilipanda tena peke yangu pamoja na mzee, nikataka kujaribu kabla sijampandisha mtoto wa mtu mwengine. Mke wa mwenyeji alinipa kanga mbili kuukuu, nikaziunga kwa pini, nikazifunga chini ya bembea kama mbeleko, na katikati ya kanga na bembea nikapenyeza blanketi nene bila kulivuta. Kipimajoto alfajiri kilikuwa nane. Sikulala raha mustarehe, kanga ilikuwa inapitisha upepo na blanketi lilikuwa linateleza upande wa miguu, lakini mgongo wangu ulikuwa na joto kwa mara ya kwanza. Nilitoka bembeani nikasujudu.

Niliporudi Pemba nilikwenda kwa fundi wangu wa cherehani Wete, nikamchorea ninachokitaka. Nakiita mfarishi wa chini. Akanishauri sufi, kwa kuwa ni nyepesi, haishiki maji upesi, na kwetu inapatikana. Tukatengeneza. Joto lake ni zuri mno, sisemi uongo, na anayelala mahali pamoja bila ya kubeba mzigo mgongoni sufi itamtosha. Kwangu ilishindikana kwa mambo mawili. Ukiibana kwenye begi inajaa robo tatu ya begi zima, na baada ya safari moja ya daladala inajikusanya pembeni, katikati pakawa patupu. Fundi akajaribu kuidhibiti kwa kushona mistari ya miraba juu mpaka chini. Kila ulipopita mshono, unene ukawa sifuri, na usiku niliihesabu ile mistari kwa mgongo. Hapo zilikwenda shilingi 30,000.

Mara ya pili tulichukua duveti ya mitumba yenye pamba ya polista, shilingi 20,000, tukaipunguza ikawa sentimita 130 kwa 110, kiasi cha kufunika kutoka mabegani mpaka nyuma ya magoti. Miguu ina dawa yake, nitaisema. Upande wa nje tukaweka kitambaa cha mwavuli, kwa sababu kanga ilishanifundisha kuwa upepo ukipenya, hewa yote ya ndani inahama. Badala ya mistari fundi alipiga fundo moja moja kila baada ya shubiri, pamba isihame na unene usife. Pembezoni akapitisha lastiki, na kila kona kitanzi cha kamba. Kitambaa, lastiki na ufundi vilifika shilingi 30,000 nyengine. Kwa hiyo mfarishi mmoja ulinigharimu 50,000, na mizani ya dukani ilisoma gramu 800.

Kuna kijana alitaka kuokoa pesa ya kitambaa cha mwavuli akafunika kwa plastiki. Asubuhi mfarishi wake ulikuwa umeloa kwa ndani kama umetoka kufuliwa, maana mwili hutoa mvuke usiku kucha na plastiki haiuachii upite. Kitambaa kizuie upepo na kiruhusu mvuke.

Kuufunga ndiko kunakotaka uangalifu kuliko kuushona. Ukivuta lastiki sana, mfarishi unabanwa dhidi ya bembea na hewa inatoka, umerudi pale pale. Ukiulegeza sana, panabaki nafasi baina yake na mgongo, hewa baridi inaingia pande za kichwani na miguuni na kuzunguka humo. Mimi hulala ndani, mwenzangu hupitisha kiganja baina ya bembea na mfarishi. Kiganja kipite kwa kugusa huku na huku. Kikipita bila ya kugusa, kaza, kikikwama, legeza. Na upande wa kichwani na miguuni vuta lastiki ya pembezoni mpaka mdomo uzibe.

Tatizo la kwetu ni kwamba huwezi kujaribu nyuzi nane Pemba, hazipo. Tulichofanya ni kungoja usiku wa kusi wa mwezi wa Julai, tukalala Makangale na fulana tu, bila ya kitu juu, mfarishi chini. Ikiwa kifua kinasisimka kwa upepo na mgongo una joto, kazi imefanyika. Ikiwa mgongo nao umepoa kwa nyuzi 22, usithubutu kuupandisha mlimani.

Asiyeweza gharama ya fundi anaweza kutumia sponji ngumu ya kutandikia mazoezi, ile isiyonywa maji, ya aina ya sponji ya ndara. Huwekwa ndani ya bembea, chini ya mfuko. Sponji hiyo haisongwi na uzito, na inafaa hata ikiloa. Ubaya wake inateleza, na mabega hubaki nje kwa kuwa bembea hujikunja pembeni, kwa hiyo ongeza kipande cha kukingama mabegani. Ile sponji laini ya magodoro usibebe kabisa. Inakunywa jasho na maji, na haikauki.

Sasa kufungasha. Vitu vya joto ni vyepesi lakini vinajaza begi, na vikiloa umekwisha. Mimi hutia mfuko mkubwa wa nailoni, ule mzito, ndani ya begi lote kwanza. Chini kabisa mfarishi na mfuko wa kulalia, nimevishindilia kwa mkono bila kuvikunja, vinajaza kila kona. Juu yake kifurushi kidogo kilichofungwa peke yake: nguo za kulalia. Suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, soksi mbili nene, kofia ya sufu. Nguo hizo mchana hazivaliwi hata uwe umeganda, kwa sababu zikiingia jasho usiku huna kitu. Fulana za pamba na kikoi naviacha kwa njiani tu. Pamba halisi ikishika maji inakaa nayo, na mwili unatumia joto lake kuikausha. Chakula na vyombo hukaa katikati. Turubai na kamba huwa juu kabisa, au mfuko wa nje, ili mvua ikikukuta njiani ufunge turubai kwanza, halafu ufungue begi ukiwa pakavu. Wakati wa kuondoka turubai ndilo la mwisho kushuka.

Kamba nilizotumia kufungia mfarishi na turubai ni za mwani, yaani zile za kulimia mwani baharini, zipo kila nyumba Makangale na Msuka, na ni imara. Kwa bembea yenyewe nunua kamba pana ya bapa, ya mwani inakata ganda la mti. Jambo moja la mvua: maji hufuata kamba ya bembea mpaka yakaingia kitandani. Funga kipande cha uzi wa pamba kwenye kamba, nje ya bembea lakini ndani ya turubai, na mwisho wake uning'inie. Maji yatadondokea hapo.

Usiku nao una taratibu zake. Udhu wa isha tunatia mapema, tunajifuta vidole vya miguu kimoja kimoja kwa taulo kavu, tukimaliza kuswali tunatembea kidogo mpaka damu ichemke, ndipo tunavaa soksi za kulalia. Mfuko haukupi joto, unakuhifadhia ulilonalo, kwa hiyo usiingie umeshapoa. Tunakwenda haja kabla ya kulala, na ukiamka umebanwa, toka, usijidanganye kungoja alfajiri, hutalala. Tunakula kitu chenye mafuta. Mimi hubeba halua ya Wete, nusu kilo kwa watu watano kwa usiku mmoja. Ina samli na sukari, haiharibiki upesi, na tumbo linaishughulikia usiku kucha. Wenyeji wa Magamba wameipenda hata sasa hatuendi bila ya kuwachukulia yao.

Miguu nimesema ina dawa. Ni chupa ya maji ya moto, ya chuma au plastiki ngumu isiyovuja, iliyovikwa soksi, unaiweka baina ya mapaja kwanza, halafu usingizi ukianza kukujia unaisukuma miguuni. Na usifunike uso ukapumulia ndani ya mfuko. Pumzi ina maji, asubuhi utaukuta mfuko umelowa kifuani. Vaa kofia, zungushia shali shingoni, pua ibaki nje.

Julai 2024 tulipanda tena. Nilimwendea kaka yangu kwanza, nikakaa naye barazani, nikamuonyesha mfarishi, nikamueleza kila kitu pamoja na yale niliyoyasema Tanga kuhusu mfuko uliolowa. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Muulize mwenyewe kama anataka." Kijana alikuwa ameshafungasha.

Tulikwenda pale pale, miti ile ile. Mzee alipitisha kiganja chini ya kila bembea kabla ya kwenda kulala, na kwenye moja akalegeza lastiki. Nilimfungia mtoto wa kaka yangu karibu yangu, kamba zetu zinashika mti mmoja. Usiku ule sikulala sana, mara kwa mara nilinyoosha mkono nikagusa kamba yake kama inatetemeka. Ilikuwa imetulia. Alfajiri kipimajoto kilisoma saba, baridi kuliko mwaka uliotangulia, na nilimwita mara tatu kwa ajili ya sala kabla hajaitika. Alikuwa na joto usoni na sauti ya usingizi. Akaniomba, "Ami, dakika moja."

Mifarishi mitano iko kwetu Konde. Imetundikwa kwenye chumba cha mama bila ya kubanwa, kwa sababu ukiiacha imeshindiliwa begini miezi kadhaa itakufa kama ile mifuko ya robota, na kila mwezi tunaianika kivulini hewa ya chumvi isiipe ukungu. Anayekwenda milimani na hana, aje achukue. Airudishe kavu.